Vitabu 1,500 ghorofani kwenye nyumba ya mawe

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Tumerithi nyumba ya babu Mji Mkongwe, Unguja. Ghorofani kuna chumba kirefu chembamba, kama mita 6 kwa 2.6, kimekaa bure. Nataka kiwe maktaba ya vitabu vya marehemu baba, vinafika 1,500. Pembe moja ya ukuta chokaa inamomonyoka, na fundi wetu anasema tuibandue tupige saruji. Naogopa pia uzito, maana sakafu ni ya boriti. Unanishauri nini?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Kwanza mwambie fundi asifungue huo mfuko wa saruji.

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya unyevu na kuutoa kupitia plasta yake. Ukizifunika kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea: chumvi inajaa nyuma ya plasta mpaka inabanduka na vipande vya mawe, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza huku ukuta unaonekana mpya. Tafuta maji yanakotoka. Chumba kiko juu, kwa hiyo siku ya mvua angalia mfereji wa bati na pale paa linapoungana na ukuta. Kuna nyumba niliyoitwa kwa tatizo hilihili, tukakuta mfereji umeziba kwa majani. Tuliuzibua, na ukuta ukaanza kukauka kabla hatujagusa plasta. Ukishakauka, piga chokaa iliyolowekwa vizuri, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga, umalizie kwa chokaa ya maji. Rangi ya mafuta usipake.

Sasa uzito. Mita moja ya rafu hubeba vitabu kama 40, kilo 25 hadi 30. Vitabu vyako vinahitaji karibu mita 38 za rafu, yaani takriban tani moja, bila mbao. Boriti zinalala kwa upana wa chumba, zikikaa juu ya kuta mbili ndefu. Makabati yasimame kando ya kuta hizo ndefu, uzito ukae karibu na ncha za boriti. Ukiyapanga kwenye ukuta mfupi, mzigo wote utaangukia boriti moja au mbili katikati yake, na hapo ndipo zinapopinda. Kwa rafu tano kwenda juu utahitaji mita 8 hivi za kabati, nne kila upande. Nafasi ya kupita inabaki.

Kabla ya hayo, ingia chumba cha chini na bisibisi, uzichome boriti moja moja pale zinapoingia ukutani. Boriti nzima inagoma, bisibisi inateleza juu yake. Mbovu inaingia laini, inatoka na unga. Ukipata hata mbili za namna hiyo, usipandishe kitabu mpaka zibadilishwe. Na popote utakapoona njia za udongo za mchwa, mwite mtu wa dawa kwanza.

Makabati yawe ya mvule au msaji, rafu za unene wa inchi moja, zisizidi sentimita 80 bila nguzo. Yaache sentimita 5 kutoka ukutani, yainuliwe 10 kutoka sakafuni, na mgongo uwe wazi. Nimewahi kuvuta kabati lililogusa ukuta kama huu: safu nzima ya vitabu ilikuwa imeshikana kwa ukungu, na jalada la kimoja lilibaki ukutani. Nunua kipimo cha unyevu, ni kidogo kama saa ya mezani. Kikipita asilimia 65 siku mfululizo, washa feni. Wakati wa kaskazi fungua madirisha mchana, lakini jua lisipige vitabu moja kwa moja.

Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, hivyo pitia Mamlaka ya Hifadhi kuomba kibali kabla ya kugusa ukuta au boriti. Vitabu vya baba viingie baada ya masika moja kupita na ile pembe bado ni kavu.