Piga Picha ya Laue Kabla ya Kutangaza Ugunduzi

Wiki hii msomaji mmoja ameniuliza kwa nini fuwele yake ya UGe2, kampaundi ya urani na germanium, inaonyesha usumaku mdogo kwenye mhimili b (a, b na c ni mielekeo mitatu ya mpangilio wa atomu ndani ya fuwele), ilhali inafahamika kwamba usumaku wa kampaundi hiyo hulala kwenye mhimili a. Swali lake limenitonesha kidonda, kwa kuwa nami niliwahi kuliona jambo hilo hilo nikaliita ugunduzi.

Fuwele ile niliikuza mwenyewe kwa kuivuta kutoka kwenye myeyuko. Nilipoikata, uso wake uling'aa kama kioo, nami nikauchukulia kuwa unaukabili mhimili b barabara. Nilipoipoza chini ya kelvini 53, ambapo UGe2 hugeuka kuwa ferosumaku, yaani sumaku yenyewe bila kusaidiwa na sumaku ya nje, mchoro wa magnetomita, kifaa cha kupimia usumaku, ulipanda ghafla hadi karibu magnetoni 0.07 za Bohr (kipimo cha usumaku wa atomu) kwa kila atomu ya urani. Kwa miezi minne nilijenga nadharia juu ya ngazi ile ndogo. Siku ya kuwasilisha kazi, mwenzangu mmoja aliomba kuiona picha ya Laue ya kipande kile, yaani picha ya eksirei inayoonyesha mihimili ya fuwele imeelekea wapi, nami sikuwa nayo.

Tuliipiga jioni ile ile. Kipande kilikuwa kimeinama digrii 3 kuelekea mhimili a. Kwenye mhimili huo kila urani hubeba takriban magnetoni 1.4, zidisha kwa saini (sine) ya pembe hiyo, yaani 0.052, na unaipata 0.07 yangu yote. Hadi leo inaniuma kwamba hesabu ya dakika moja ilinisubiri miezi minne.

Kampaundi za urani haziuvumilii uzembe, ndugu zangu, kwa sababu elektroni za urani ziitwazo 5f huufunga usumaku kwenye mwelekeo mmoja kwa nguvu kubwa, hata mwinamo mdogo ukavujisha mhimili mmoja ndani ya mwingine. Ubora wa fuwele nao una uzito wake: katika URu2Si2, kampaundi nyingine ya urani, momenti (kiasi cha usumaku wa kila atomu ya urani) ya takriban magnetoni 0.03 chini ya kelvini 17.5 iliwashughulisha watafiti miaka mingi, kabla ya wengi kukubali kwamba chanzo chake ni mikazo iliyobaki ndani ya fuwele. Kwa hiyo piga picha kabla ya kubandika kipande, na uirudie baada ya kukibandika. Ukiona ngazi, kizungushe kidogo kidogo. Ikiwa inakua na kupungua kwa kufuata saini ya pembe, hiyo ni ya mhimili a.

Nawe uliyeniandikia, usiwashe magnetomita kesho kabla ya picha hiyo, kisha nitumie pembe uliyoipata.