Kabla ya kuchonga diski za breki, soma namba iliyogongwa juu yake

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux ya 2008, nabeba viazi kutoka Njombe kwenda Dar. Pedi za mbele zimeisha hadi chuma kimekula diski, zina mifereji. Nataka kubadilisha mwenyewe nyumbani. Fundi wa hapa anasema nisipoteze hela kununua diski, zichongwe kwenye mashine ya leti zitakuwa mpya. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba. Kazi hiyo utaiweza. Ukishafungua kalipa, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, diski ya gari kama lako kwa kawaida inachomoka peke yake. Hilux za zamani ndizo zenye diski iliyofungwa nyuma ya habu, kitovu cha gurudumu, na huko lazima uguse bearingi. Kinachoniudhi ni hilo neno "zitakuwa mpya". Nalisikia kila wiki.

Leti haiongezi chuma, inakipunguza. Futa kutu kwenye diski yako, utaona imegongwa MIN TH na namba ya milimita. Huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa, na unahesabiwa baada ya kuchonga. Kutoka diski mpya hadi kikomo hicho mara nyingi ni kama milimita 2 tu. Mifereji ya nusu milimita kila upande ikisawazishwa, milimita nzima imekwenda. Tena pima kwa maikromita, kile kipimo cha unene chenye ncha mbili ndogo, pale pedi inapopita. Venia, kile kipimo cha mataya marefu, huegemea ule ukingo wa nje ambao pedi haiufikii, ikakusomea unene wa zamani ukadhani uko salama.

Sasa fikiria unashuka mteremko wa Kitonga na tani moja ya viazi. Diski nyembamba hupata moto haraka, moto unapita kwenye pedi na pistoni inayoisukuma hadi kwenye oili ya breki. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye 140 tu. Ikichemka inatoa mapovu, mapovu yanabonyea, na pedali inazama hadi chini huku gari linaendelea kwenda.

Kwa hiyo namba ya MIN TH ikikataa, nunua diski mbili, kushoto na kulia, pamoja na pedi mpya. Osha diski hizo kuondoa yale mafuta ya kuzuia kutu kabla ya kufunga. Kalipa yako ikiwa na pistoni zaidi ya moja, ukisukuma moja bila kuzuia nyingine, hiyo nyingine inatoka. Usiiache kalipa ining'inie kwa hozi, ifunge kwa waya. Ukimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ndipo uwashe gari.

Na wanaokwambia uchonge bila kupima ndio hao hao wanaopaka grisi kwenye uso wa pedi unaosugua diski ili isipige kelele, wanaoongeza oili ya hidroliki kwenye chupa ya breki hadi mipira inavimba, na wanaokunja paipu ya gurudumu linalovuja wakalipigilia nyundo "ufike nyumbani kwanza". Nimefungua magari yaliyotembea miezi na paipu iliyokunjwa hivyo, mwenye gari hajui. Anachojua ni kwamba linavuta upande mmoja akifunga breki. Lako likivuta hivyo, fuatilia paipu kwa mkono kuanzia kwenye gurudumu hadi kwenye masta silinda, pampu ya breki inayosukumwa na pedali, kabla hujapakia gunia hata moja.