Kikombe cha nguzo kupasuka mvua za kwanza
Mdau umeuliza kikombe cha kauri juu ya nguzo ya umeme, kile kinachoshika waya, kinapasukaje wakati kauri haipitishi umeme. Iko hivi ndugu yangu, kila kizuia umeme kina kikomo chake. Hewa yenyewe inavumilia kama kilovoti 3 (volti 3,000) kwa milimita moja, ukizidisha hapo zile elektroni chache zilizo huru zinavutwa kwa kasi, zikigonga atomu zinang'oa elektroni zingine, nazo zinaenda kugonga zingine, moja inakuwa mbili, mbili nne, kufumba na kufumbua hewa imeshakuwa njia ya umeme na ndo ile cheche unayoiona.

Kauri nzima inavumilia kuliko hewa, ila ikiwa na ufa au kiputo ndani, hewa ya humo ndo inaanza kupiga cheche kwanza, zinaitafuna kauri mdogo mdogo miaka na miaka.

Sasa huku kwetu Kigoma kiangazi chote vumbi linaganda kwenye vikombe, manyunyu ya Oktoba yakija linakuwa tope na umeme unatambaa juujuu, ukizidi joto lake linaweza kukipasua kikombe. Nishasimama usiku pale Mwanga nikausikia umeme unachachatika kama dagaa kwenye mafuta ya moto. Mvua kubwa ina nafuu kwa sababu inaosha. Ile mikunjo kama mawimbi kwenye kikombe ndo kazi yake, kurefusha njia na kuacha sehemu ya chini kavu. Ukiisikia hiyo sauti usisimame chini ya nguzo aisee, waite mafundi wa umeme.