Mikopo ya asilimia mbili: tuihoji vipi halmashauri?

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha ushonaji cha watu wenye ulemavu hapa Tanzania. Kila tukiulizia mikopo ya halmashauri tunajibiwa kwamba fedha zimekwisha. Tutathibitishaje kama zilitengwa?

Jibu: Ndugu Katibu, jibu hilo halitoshi, na mna haki ya kudai maelezo ya maandishi. Tangu marekebisho ya mwaka 2018, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Wengi hudhani kwamba fungu lenu ni asilimia mbili ya ile kumi, jambo ambalo si kweli. Halmashauri iliyokusanya shilingi bilioni 2 za mapato yasiyolindwa, yaani mapato ya ndani ambayo hayajatengewa matumizi maalumu, inapaswa kuwatengea milioni 40, wala si milioni 4.

Msiishie kwenye bajeti, kwa sababu bajeti ni makadirio tu. Mwandikieni Mkurugenzi mkiomba takwimu za mwaka wa fedha uliopita: mapato halisi yaliyokusanywa, kiasi kilichopelekwa kwenye akaunti ya mikopo kwa ajili ya kundi lenu, kiasi kilichokopeshwa na kiasi kilichorejeshwa. Marejesho yana uzito wake, kwani ndiyo yanayopaswa kukopeshwa tena kwa vikundi vingine. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku zisizozidi 30 kujibu, na mwenye ulemavu asiyeweza kuandika anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, naye ofisa ayaandike maombi yake.

Takwimu zikipatikana, zilinganisheni na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuhusu serikali za mitaa, ambayo mara kwa mara imebaini halmashauri zisizochangia kikamilifu. Kisha mpeni diwani wenu hoja ikiwa na tarakimu zote, aiwasilishe kwenye baraza la madiwani. Malalamiko ya jumla huzimwa kwa ahadi, ilhali tarakimu hudai majibu. Baraza likipuuza, pelekeni shauri kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Barua yenu iwe na nakala, nayo igongwe muhuri wa masijala wenye tarehe, maana huo ndio ushahidi wa siku mliyowasilisha ombi.