Jibu: Ziara ya shimo la kombora la Titan II

Ndugu wa Uyole, umeuliza iwapo raia, tena mgeni kutoka Mbeya, anaweza kutembezwa katika kituo cha kijeshi cha kurushia makombora huko Marekani. Anaweza. Karibu na Tucson, Arizona, lipo shimo la kombora la nyuklia la Titan II, moja kati ya mashimo 54 yaliyotumika hadi mwaka 1987, ambalo sasa ni makumbusho. Utashuka ngazi 55 pamoja na mwongozaji hadi chumba cha udhibiti, ambako swichi mbili za funguo za kurushia kombora zimetenganishwa makusudi ili mtu mmoja asiweze kuzigeuza zote kwa pamoja. Nilipokwenda, mtoto wa shule ndiye aliyepewa ufunguo augeuze, na sote tukanyamaza. Kombora lenyewe, lenye urefu wa mita 31 hivi, halina mafuta wala kilipuzi. Beba maji, jua la huko si la Tukuyu.