Maswali na majibu: Mradi wa vijana umefika kijijini, tuupokeeje?

Barua za safari hii nyingi zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza kuhusu miradi na vikundi vya vijana. Nimezifupisha, na zilizofanana nimejibu moja.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka 17, aliacha shule kidato cha pili. Umekuja mradi wa kufundisha vijana ushonaji miezi mitatu, asubuhi hadi jioni, bila ada. Mimi ni mjane na yeye ndiye mkono wangu shambani. Nimruhusu? – Mama, Newala

Marahaba, mama. Ada hamna, lakini gharama ipo na utailipa wewe: ni zile siku ambazo mtoto hatashika jembe wala kuchota maji, na huko juu kwenu sote tunajua maji yalivyo ya shida. Kwa hiyo usione haya kuwauliza wenye mradi maswali. Wao ndio wamekuja kwako.

Uliza kwanza mafunzo yanaanza mwezi gani. Kuanzia Juni mikorosho inataka salfa, na Oktoba hadi Desemba kila mwenye mikono yuko chini ya mkorosho anaokota. Mradi unaofungua darasa la kutwa mwezi wa Oktoba huko Newala umepangwa na mtu asiyewajua. Watoto wa wenye uwezo watahudhuria, wa kwako ataacha wiki ya tatu, kisha ataandikwa kwamba "hana nia". Omba wamweke kwenye zamu ya asubuhi tu, au waanze Februari. Mradi wenye akili husikiliza, kwa sababu vijana wanaotajwa kwenye karatasi zao, wale wenye hali ngumu, ndio hao wasioweza kukaa darasani kutwa nzima.

Pili, uliza kuna nini baada ya mwezi wa tatu. Cherehani ni ya nani? Akipewa, atapewa na kitambaa cha kuanzia? Yuko fundi mzoefu atakayemweka kibarazani kwake miezi michache ajue kupokea wateja na kukata bei? Kujua kushona ni jambo moja, kupata mtu wa kumshonea ni jingine. Pita sokoni uhesabu vyerehani vilivyopo. Kama vimejaa, muulize kijana kama hapendelei kujifunza kutengeneza mota za kupulizia salfa. Nashangaa ni miradi michache kiasi gani inayofundisha kazi hiyo, na kila msimu watu wanahangaika na mota mbovu.

Ukipata majibu ya kuridhisha, mruhusu. Wakikujibu kwa kukuonyesha picha za mafunzo ya mwaka jana, subiri kidogo.

Sisi ni vijana wa bajaji na ufundi wa simu. Tunasikia habari za mkopo wa halmashauri kila mwaka, lakini wanaopata ni wale wale. Tufanyeje? – Kijana, Mtwara mjini

Mdogo wangu, fedha hizo si hisani ya mtu. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu usimamizi ulikuwa na matundu, vikiwemo vikundi hewa, ukarudishwa mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya.

Wale wale wanapata kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua, sina haja ya kuisema. Ya pili haipendezi kuisikia: karatasi zao ziko tayari siku tangazo linapobandikwa. Wana usajili, katiba, mihtasari ya vikao yenye sahihi na akaunti ya benki yenye mzunguko. Vikundi vingine huanza kutafutana siku hiyo. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu mwezi huu, hata kama mkopo hautajwi kabisa. Sajilini, anzeni kuweka hisa kila wiki hata kama ni elfu mbili mbili. Kikundi ambacho hakijawahi kushika fedha yake chenyewe hugombana siku kinaposhika ya watu.

Na mkae mkubaliane jinsi ya kurejesha kulingana na mji wenu unavyopumua. Hela za korosho zikiingia, bajaji zinajaa na simu zinanunuliwa. Ikifika Machi mji unakauka. Mkisaini marejesho yanayolingana miezi yote, Machi mtakimbilia mikopo ya kausha damu ili mlipe mkopo usio na riba. Ombeni muda wa kuanza kulipa na viwango vinavyofuata msimu. Watakataa, pengine, lakini ombeni kwa maandishi.

Kuhusu ndugu yenu mmoja aliyeandika kwamba kikundi chao kinataka kuchukua mkopo kisha kikanunulie korosho kwa kangomba vijijini, yaani kwa kificho nje ya ghala: hapana. Ni kinyume cha sheria, na mnayempunja ni mama kama huyu wa Newala, anayeuza mapema kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto anaumwa na ghala halijafunguliwa. Kama mna mtaji, kuna kubangua. Tafuteni mafunzo TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapo hapo Mtwara. Wana ujuzi wa ubanguaji na hata wa kutengeneza juisi na jamu ya mabibo, ambayo kwetu huishia kuozea shambani au kuwa pombe ya uraka.

Nilipata mimba nikiwa kidato cha tatu. Mtoto sasa ana mwaka mmoja. Kuna mradi wa mabinti unanitaka nijifunze kusuka, lakini mimi nataka shule. Nimeambiwa nimeshachelewa. – Binti, Lindi

Hujachelewa, binti yangu, ila usingoje. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi katika shule za kawaida. Utaratibu unataka urudi ndani ya miaka miwili, kwa hiyo nenda na mzazi au mlezi kwa mkuu wa shule yako ya zamani. Ukizungushwa, panda kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri. Kama hutaki kurudi kwenye macho yale yale, na siwezi kukulaumu, uliza vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ulishafaulu mtihani wa kidato cha pili, kwa hiyo unaweza kufanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea bila kupitia QT, ule mtihani wa maarifa.

Sasa huo mradi usiutupe. Waambie wazi unachotaka na uwaombe msaada ambao hata hawakuufikiria: nani atabaki na mtoto saa za masomo. Nimeona mabinti wengi wakiangushwa na jambo hilo kuliko hesabu. Bibi anaweza kukubali akilipwa hata sabuni na unga. Mradi unaoweza kununua vifaa vya saluni unaweza kumlipa bibi.

Kusuka utasuka Jumamosi.

Tuna timu ya mpira ya mtaa, vijana arobaini. Tumeomba ufadhili, tukaambiwa mpira si mradi. – Kocha, Ruangwa

Kwenye mji wa timu ya Namungo, mtu anakwambia mpira si kitu! Lakini nadhani mfadhili hakueleza vizuri. Mpira pekee unawapa vijana jioni njema, basi. Kilicho muhimu ni kwamba wewe, kocha, ndiye mtu mzima pekee mtaani anayejua kila siku nani kaja na nani hakuja. Kijana asipoonekana wiki mbili, umfuate: kaenda Dar kutafuta maisha, kaumwa, au kaanza gongo? Andika daftari la mahudhurio, andika ulichokikuta nyumbani na ulimwelekeza wapi. Daftari la miezi sita litasema zaidi ya andiko la kurasa ishirini lililonakiliwa kwa jirani.

Halafu wasichana wako wapi? Baada ya unyago wengi hawaonekani tena uwanjani. Ongea na makungwi. Wanaheshimika, na mkiwaendea kwa adabu mtasikilizana kuhusu kuweka unyago wakati wa likizo na kuhusu binti kurudi shule na michezoni. Kuwapita pembeni ndiko kunakoharibu.

Semina bila posho ni haki? – Masasi

Nauli na chakula, ndiyo, ni haki, hasa kwa anayetoka mbali na hana kitu. Zaidi ya hapo mtajaza ukumbi watu wa posho.

Nimetengeneza pikipiki tangu nikiwa mdogo, sina cheti. Mradi unachukua wenye vyeti tu. – Fundi, Nachingwea

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: anayejifunza kazini anapimwa kwa vitendo, mapengo yanajazwa kwa mafunzo mafupi, na akifaulu anapewa cheti. Uliza chuo cha VETA Lindi tarehe za usajili. Na kama wenye mradi wangekuwa makini, wangekulipa wewe uwafundishe hao wenye vyeti.

Mdogo wangu ni kiziwi, ana miaka 22. Kikundi cha vijana kinamwandika jina kila mwaka lakini hapewi chochote. – Dada, Kilwa

Jina lake linawasaidia kwenye fomu. Mtoe humo. Ile asilimia mbili ya watu wenye ulemavu inamruhusu kuomba hata peke yake, si lazima kikundi. Nenda naye ofisi ya ustawi wa jamii wilayani, wewe ukiwa mkalimani wake kama anatumia alama mlizozizoea nyumbani, na umwache aeleze mwenyewe kazi anayoitaka. Chukueni barua ya serikali ya mtaa kabla ya kuondoka, maana Kilwa Masoko si karibu kwa kila mtu, na kurudishwa kwa sababu ya muhuri kunauma.