Alizeti: kabla ya kukamua, uliza mashudu ni ya nani

Ikifika Juni, mkulima wa alizeti wa Singida au Dodoma hupewa ushauri ule ule: usiuze mbegu, kamua uuze mafuta. Si ushauri mbaya, ila una tundu. Mkulima anahesabu lita na kusahau mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa na ambayo ni chakula cha mifugo, wakati sehemu kubwa ya faida ya kukamua imekaa humo humo kwenye mashudu.

Tuhesabu gunia moja. Alizeti ni nyepesi, kwa hiyo gunia ambalo kwa mahindi lingefika kilo mia hubeba kama kilo 65. Kwa mashine ndogo na mbegu ya aina ya Rekodi, hapo utapata lita 16 hadi 18. Tuseme 17, na mashudu kilo 45. Zinazobaki ni taka, unyevu na mashapo. Bei hizi ni za mfano tu, weka za kwenu. Mbegu kwa Sh 900 kilo, gunia ni Sh 58,500. Mafuta kwa Sh 4,500 lita ni Sh 76,500, mashudu kwa Sh 400 kilo ni Sh 18,000. Toa Sh 6,500 ya kukamua na Sh 6,000 ya usafiri na madumu. Mkononi zinabaki Sh 82,000, yaani Sh 23,500 zaidi ya yule aliyeuza mbegu.

Sasa mwenye mashine akikuambia, "Nakukamulia bure, mashudu niachie," unatoka na Sh 70,500. Ziada imeshuka hadi Sh 12,000. Wapo wanaochukua ada na mashudu pia. Hapo ziada ni Sh 5,500, na siku nzima umeshinda kwenye foleni. Mafuta yakishuka hadi Sh 3,500 huku bei ya mbegu ikiwa bado haijafuata, mwenye mashudu yake bado ana ziada ya Sh 6,500, ila aliyeyaacha ili akamuliwe bure anakula hasara ya Sh 5,000. Kushuka huko si jambo la kufikirika. Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipanda mno, watu wengi wakalima alizeti, na msimu wa 2023 bei ikaanguka mikononi mwao.

Kwa hiyo patana kwanza, kisha ndipo ushushe mzigo. Pima mbegu kwa mizani kabla hazijaingia, halafu pima mashudu yakitoka.

Usiwe wa kwanza asubuhi. Mashine ikiwa ya baridi haikamui vizuri, na mafuta ya gunia la kwanza huondokea kwenye mashudu. Yakiwa yanatoka, chukua mashudu ya moto kiganjani uyaminye kwa nguvu. Vidole vikibaki vinang'aa kwa mafuta, ama mashine imechoka ama imekazwa vibaya, na lita zako zinakwenda kwa ng'ombe wa mtu. Mbegu nazo zipepetwe hadi mchanga uishe, maana mchanga ndio unaozila hizo mashine. Ziwe kavu pia: ipasue moja kwa meno, ganda livunjike kwa mlio, lisilegee.

Mashudu usiyafunge yakiwa na joto. Yatandaze kwenye turubai hadi yapoe kabisa, vinginevyo yatatoa jasho ndani ya mfuko na kuota ukungu, na mashudu yenye ukungu huleta sumukuvu kwa mifugo.

Mafuta yachujwe, kisha yatulie siku tatu au zaidi kwenye dumu lililofunikwa, ndipo uyahamishe taratibu bila kutibua mashapo. Zile chupa zinazopangwa juani kando ya barabara kuu zinapendeza macho, lakini jua ndilo linalochachusha mafuta. Weka moja ya kuonyesha, nyingine zikae kivulini. Na dumu la lita 20 ukilijaza hadi mdomoni umepitisha lita 20. Lita 20 za mafuta ya alizeti ni kama kilo 18.4, bila uzito wa dumu lenyewe. Mizani itakuonyesha unachogawa bure.

Ila hesabu hizi zote ni za mwenye uwezo wa kusubiri. Aliyekopa pesa ya palizi kwa dalali na kuahidi magunia Machi hana mbegu ya kukamua. Dalali atakuja na lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, na ile nundu ya juu ya gunia hailipiwi. Lumbesa hairuhusiwi kisheria, lakini mwenye deni hana sauti ya kubishana. Ndiyo maana tunashauri magunia kumi yagawanywe. Matatu yauzwe mara moja kulipa madeni na mahitaji ya shule, mengine yakae ghalani juu ya chaga, mbali na ukuta. Kamua moja au mawili kwa mwezi kadiri wateja wanavyokuja, kwa sababu mbegu kavu huvumilia kukaa kuliko mafuta. Mkikubaliana nyumbani mapema nani anashika pesa ya mafuta na nani ya mashudu, mtaepuka ugomvi wa Agosti.

Wateja wa mashudu watafute kabla ya kukamua: wafuga kuku, wenye ng'ombe wa maziwa, maduka ya chakula cha mifugo. Kiangazi kikikolea majani yanapokauka, wao ndio watakaokutafuta wewe.